Jumba Huanguka Penye Kiungo

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu usalama wa majengo, yaliyotolewa kwa wakaazi, wamiliki wa ploti, wanakandarasi na mafundi wa mjengo.

Mazungumzo ya leo yatasafiri mbali kidogo, hadi Chicago, New York na Kansas City kule Marekani, kisha yatarudi kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 iliyo karibu na steji. Safari hiyo ina sababu. Majumba marefu ya dunia yana hesabu zilizoandikwa, na pale yalipokosewa uchunguzi ulifanywa hadi mwisho na majibu yakawekwa wazi. Fundi wa orofa nne anaweza kujifunza kwa gharama ya wengine.

Kabla ya miaka ya 1880, jengo refu lilibebwa na kuta zake. Kadiri orofa zilivyoongezeka ndivyo ukuta wa chini ulivyonenepa, maana tofali la chini kabisa hubeba matofali yote yaliyo juu yake. Chicago bado kuna jengo linaloonyesha mwisho wa njia hiyo. Linaitwa Monadnock, na nusu yake ya kaskazini ilikamilika mwaka wa 1891 ikiwa na orofa 16. Kuta zake za chini zina unene wa futi 6, kiasi kwamba mtu mzima anaweza kulala kwa kukingama ndani ya unene huo asitokeze kichwa wala miguu. Udongo wa Chicago ni laini, na kwa miaka mingi jengo hilo limezama karibu nusu mita. Lingali linatumika, kwa hiyo waliolijenga hawastahili kuchekwa. Lakini mwenye ploti yeyote ataona hasara mara moja: nafasi ya duka ya chini, ambayo ndiyo yenye kodi nzuri, imeliwa na ukuta.

Katika mji huohuo, miaka sita kabla, mhandisi William Le Baron Jenney alikuwa ameshachukua njia nyingine. Jengo lake la Home Insurance la mwaka wa 1885 lilikuwa na orofa 10 tu, lakini uzito wake mwingi ulibebwa na mifupa ya chuma iliyofichwa ndani, nguzo na boriti, na ukuta wa nje ukawa kama ngozi juu ya mifupa. Wanahistoria wanabishana kama jengo hilo linastahili kuitwa la kwanza la aina yake, kwa sababu sehemu ya kuta zake bado ilisaidia kubeba. Lilibomolewa mwaka wa 1931. Ubishi huo waachiwe wenyewe; wazo la mifupa ndilo lililobaki, na ndilo linalotumika leo hata katika jengo la vyumba vya kupangisha la orofa tano lenye nguzo za zege na kuta za mawe ya kuchonga.

Mambo mawili yaliwezesha mifupa hiyo kupanda juu. La kwanza ni feleji ya bei nafuu, ile ambayo wenye duka la vifaa huiita tu stili. Mwaka wa 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuunguza kaboni iliyozidi, na kitu kilichokuwa ghali kama kisu kizuri kikaweza kutengenezwa kwa tani nyingi. La pili ni lifti salama. Mwaka wa 1857 Elisha Otis aliweka lifti ya abiria katika duka moja la orofa tano New York, yenye breki inayojibana yenyewe kamba ikikatika. Bila hiyo, orofa ya nane ingebaki kuwa ya maskini na njiwa.

Kwa nini feleji na si jiwe? Jiwe, tofali na zege isiyo na chuma hustahimili sana kukandamizwa, lakini zikivutwa huachana upesi. Feleji hustahimili yote mawili. Kipande cha feleji ya kawaida chenye upana wa sentimita 1 kwa sentimita 1 kinaweza kuning'iniza takriban tani 2.5 kabla hakijaanza kunyooka moja kwa moja. Hiyo ni kama pikapu iliyopakiwa mzigo, ikining'inia kwenye chuma kisichozidi upana wa kidole. Na kuna tabia nyingine inayopendwa na wahandisi kuliko hata nguvu zenyewe. Feleji hutoa taarifa. Ikizidiwa, hupinda, hunyooka, hulia, na mara nyingi huwapa watu nafasi ya kutoka. Jiwe hukatika tu.

Mfano mkubwa wa mifupa hiyo ni Empire State Building mjini New York. Kazi ya kujenga ilianza Machi 1930 na jumba likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931, lina orofa 102 na urefu wa mita 381, likiwa limemeza takriban tani 57,000 za feleji. Wastani wa kupanda kwa mifupa ulikuwa orofa nne na nusu kwa wiki. Boriti zilitoka viwanda vya Pittsburgh zikiwa zimeshatobolewa na kuandikwa namba ya mahali pake, na kazi ya pale juu ilikuwa kuziunga. Siku hizo waliunga kwa ribiti. Kikosi kilikuwa cha watu wanne. Mmoja alipasha ribiti moto hadi ikawa nyekundu, akairusha hewani. Wa pili akaidaka kwa mkebe na kuitia kwenye tundu. Wa tatu akaizuia upande mmoja kwa chuma kizito. Wa nne akaigonga upande wa pili kwa nyundo ya hewa hadi kichwa kikaumbika. Ikipoa, ribiti hujikaza na kuvuta vipande viwili pamoja kwa nguvu nyingi. Walifanya hivyo siku nzima, wakiwa wamekaa juu ya boriti, mji wote uko chini ya miguu yao.

Tarehe 28 Julai 1945, katika ukungu, ndege ya kijeshi aina ya B-25 iligonga jumba hilo kwenye orofa ya 79. Watu 14 walikufa. Mifupa yenyewe ilibaki imesimama, kwa sababu mzigo uliokuwa kwenye sehemu iliyoumia ulipata njia nyingine ya kushuka hadi msingi kupitia boriti na nguzo za jirani. Wahandisi hulithamini sana jambo hili: mzigo uwe na zaidi ya njia moja ya kufika chini. Likumbukeni, maana litarudi.

Sasa, kadiri jengo linavyorefuka, adui mkubwa huacha kuwa uzito na huwa upepo. Uzito husukuma kwenda chini, na msingi mzuri huupokea. Upepo husukuma kutoka kando na kutaka kuligeuza jumba kama mti. Ndiyo maana majumba marefu sana yana mihimili ya mshazari, au nguzo nyingi za nje zilizobanana, au umbo la ajabu. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828 na iliyofunguliwa mwaka wa 2010, ina mabawa matatu yanayopungua hatua kwa hatua kadiri linavyopanda, ili upepo usipate mahali pa kujipanga na kulitikisa kwa mdundo mmoja. Sehemu yake kubwa ni zege yenye chuma. Feleji peke yake imetumika kileleni.

Upepo ndio ulioanzisha kisa cha kwanza kinachostahili kusimuliwa kwa utulivu leo.

Katikati ya miaka ya 1970, benki ya Citicorp ilitaka kujenga makao makuu katika mtaa wa Manhattan, New York. Kwenye kona ya eneo hilo palikuwa na kanisa la Kilutheri la St. Peter's. Waumini walikubali kuuza kwa sharti kwamba wajengewe kanisa jipya palepale kwenye kona, na kwamba nguzo za benki zisipite ndani yake. Mhandisi William LeMessurier alipata jibu la kijasiri. Aliliinua jumba lote la orofa 59, lenye urefu wa mita 279, juu ya nguzo nne ndefu kama jengo la orofa 9, na hakuziweka nguzo hizo kwenye pembe. Aliziweka katikati ya kila upande. Fikirieni meza ambayo miguu yake haiko kwenye kona bali iko katikati ya kila ubavu. Ili mzigo ufike kwenye miguu hiyo, alizungushia jumba mihimili mikubwa ya mshazari yenye umbo la V. Juu kabisa aliweka kizito cha zege cha tani 400 kinachoelea juu ya mafuta, kikisukumwa na mitambo ya umeme kwenda kinyume cha mtikisiko wa jumba. Jumba lilikamilika mwaka wa 1977 na likasifiwa sana.

Mwaka uliofuata mambo mawili yalikutana. Mwanafunzi wa uhandisi kutoka New Jersey aliuliza kuhusu zile nguzo zilizowekwa katikati, na katika kulijibu swali hilo LeMessurier akaanza kupima tena upepo unaopiga jumba kwenye pembe, ule unaogusa pande mbili kwa wakati mmoja. Kanuni za ujenzi za New York wakati ule zilitaka hesabu ya upepo unaopiga ubavu tu. Aligundua kwamba upepo wa pembeni uliongeza mzigo katika baadhi ya mihimili kwa asilimia 40. Kama viungo vya mihimili hiyo vingekuwa vimechomelewa kikamilifu, kama alivyochora mwanzoni, asilimia 40 isingemnyima usingizi.

Lakini alikuwa ameshajua kwamba havikuchomelewa. Kampuni iliyotengeneza chuma ilikuwa imependekeza bolti badala yake, kwa kuwa kuchomelea ni kazi ya muda na ya gharama, na pendekezo hilo lingeokoa karibu dola 250,000. Watu wa ofisi yake ya New York walilikubali bila kumfikishia. Si kosa la kijinga. Bolti ni kiungo halali na hutumika kila siku. Tatizo ni kwamba waliohesabu idadi ya bolti walihesabu kwa upepo wa ubavuni. Katika baadhi ya viungo, asilimia 40 ya mzigo wa mhimili iligeuka kuwa asilimia 160 ya mzigo wa bolti. Sababu yake ni rahisi ukiitazama polepole. Uzito wa jumba hukandamiza kiungo pamoja, na upepo hukivuta kiachane. Bolti hubeba tofauti tu baina ya hivyo viwili. Kama upepo unavuta kwa 10 na uzito unakandamiza kwa 7.5, bolti hubeba 2.5. Upepo ukipanda hadi 14, uzito haubadiliki, na bolti sasa zinabeba 6.5.

Kiungo dhaifu kuliko vyote kilikuwa orofa ya 30. Kikiachia, jumba halikuwa na njia ya pili ya kuushusha mzigo. Kwa hesabu zake, kama umeme ungekatika na kile kizito cha juu kisifanye kazi, dhoruba ya kutosha kuliangusha ingeweza kutarajiwa mara moja katika miaka 16. Na dhoruba ndiyo hukata umeme.

Alikwenda kwa mwenye jengo akasema. Hilo limemletea sifa, na sifa hiyo ni ya haki: angeweza kunyamaza, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na namba zile. Kuanzia Agosti 1978 wachomeleaji waliingia kila usiku watu wa ofisi wakishaondoka, wakabandua mbao za kuta na kufunika viungo zaidi ya 200 kwa mabamba ya feleji yenye unene wa inchi 2. Mwanzoni mwa Septemba kimbunga Ella kilikuwa baharini kikielekea upande huo kazi ikiwa haijaisha. Kikageuka na kwenda zake. Baadaye watafiti waliorudia vipimo kwa vifaa vya sasa wamesema upepo wa pembeni haukuwa mkali kama alivyohofia. Yawezekana. Yeye alifanya uamuzi kwa hesabu aliyokuwa nayo mezani.

Lakini kisa hiki kina upande usiopendeza, nao hausemwi vya kutosha. Waliofanya kazi ndani ya jumba lile, na wakaazi wa mitaa ya jirani, hawakuambiwa. Kulikuwa na mpango wa siri wa kuwahamisha watu dhoruba ikija, na magazeti ya New York wakati huo yalikuwa kwenye mgomo. Umma ulijua mwaka wa 1995, miaka 17 baadaye, kupitia makala katika jarida la New Yorker. Mtu aliyekuwa akipanda lifti kila asubuhi katika mwezi ule alikuwa na haki ya kujua kilichokuwa kikichomelewa ukutani mwake usiku.

Kisa cha pili hakina bahati ya kimbunga kilichogeuka.

Hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, katika jimbo la Missouri, ilifunguliwa Julai 1980. Ukumbi wake mkubwa ulikatwa hewani na njia za kupita za orofa ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 37. Njia ya orofa ya nne ilikuwa juu kabisa ya ile ya pili, na zote mbili zilining'inizwa kutoka darini kwa fito za chuma. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981 watu wapatao 1,600 walikusanyika ukumbini kwa dansi. Baada ya saa moja jioni, njia ya orofa ya nne iliachia, ikaangukia ile ya pili, na zote zikashuka juu ya watu waliokuwa sakafuni. Walikufa watu 114. Wengine zaidi ya 200 waliumia. Uokoaji uliendelea usiku kucha, kwa mashine za kuinua vitu vizito.

Njia zenyewe hazikuwa zimejaa watu kupita kiasi. Feleji haikuwa mbovu. Fito hazikukatika. Wachunguzi wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani walikuta fito bado zinaning'inia darini, zikiwa nzima, na nati ziko mahali pake. Boriti ndiyo iliyochanika na kuzipita nati.

Hapa mafundi sikilizeni vizuri. Mchoro wa kwanza ulionyesha kila ufito ukiwa mmoja, mrefu, unaotoka darini, unapita kwenye boriti ya njia ya nne, kisha unaendelea hadi ya pili. Chini ya kila boriti palikuwa na nati moja ya kuibeba. Mtengenezaji wa chuma akaona tabu: ili nati ifike orofa ya nne, ufito wote wa chini lazima uchongwe meno, na meno hayo yangeharibika wakati wa kuinua. Malalamiko ya haki kabisa. Akapendekeza fito mbili fupi badala ya mmoja mrefu. Ufito wa kwanza utoke darini na kuishia kwenye boriti ya nne. Ufito wa pili uanzie kwenye boriti hiyohiyo ya nne, inchi chache pembeni, na kushuka hadi ya pili.

Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Sasa fikirieni watu wawili wanaoshuka kisimani kwa kamba moja. Kila mmoja ameshika kamba kwa mikono yake mwenyewe. Kamba inabeba wawili, lakini kila mikono inabeba mtu mmoja. Halafu mbadilishe: yule wa chini aiache kamba na ashike miguu ya yule wa juu. Kamba bado inabeba wawili, haijui tofauti. Lakini mikono ya mtu wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa. Nati iliyo chini ya boriti ya nne, ambayo katika mchoro wa kwanza ilibeba njia moja, ikabeba mbili. Mzigo wa kiungo hicho ulizidishwa maradufu kwa badiliko lililofanywa ili kurahisisha kazi.

Na hata mchoro wa kwanza haukuwa mzuri. Uchunguzi ulionyesha kuwa kiungo cha asili kingeweza kubeba takriban asilimia 60 tu ya kiwango kilichotakiwa na kanuni za mji. Baada ya badiliko, kilibaki na karibu nusu ya hapo. Boriti zilikuwa vyuma viwili vya umbo la C vilivyochomelewa uso kwa uso kuwa kama sanduku, na tundu la ufito lilitobolewa palepale kwenye mshono wa kuchomelea, mahali pembamba kuliko pote. Kilikuwa kiungo kinachosubiri siku.

Nani alikihesabu? Hakuna. Hilo ndilo jibu lililopatikana. Mtengenezaji alidhani mhandisi atahesabu; mhandisi alidhani kiungo ni kazi ya mtengenezaji; na michoro iliyobadilishwa ikarudi ikiwa na muhuri wa mhandisi. Muhuri ulikuwepo. Hesabu haikuwepo. Wahandisi wawili waliohusika walipokonywa leseni katika jimbo la Missouri. Onyo nalo lilikuwa limekuja mapema: Oktoba 1979, jengo likiwa bado linajengwa, sehemu ya paa la ukumbi uleule ilianguka, nayo kwa sababu ya kiungo.

Sasa turudishe macho nyumbani. Jengo la orofa sita lililoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua wa tarehe 29 Aprili 2016 liliua karibu watu 50, na lilikuwa limewekwa alama ya kubomolewa kabla ya siku hiyo. Majengo ya kaunti nyingi hayana bolti wala ribiti. Ni nguzo za zege, boriti za zege, na vyuma ndani yake. Lakini viungo viko, ila vimefichwa. Kiungo cha kwanza ni pale chuma cha nguzo ya chini kinapokutana na chuma cha nguzo ya juu. Vyuma hivyo havishikani kwa waya wa kufungia. Waya ni wa kuvizuia visisogee wakati wa kumwaga. Vinashikana kwa kulaliana ndani ya zege kwa urefu wa kutosha. Mchoro huandika urefu huo, na mara nyingi ni mara 40 hadi 50 ya unene wa chuma. Kwa chuma cha milimita 12, hiyo ni kati ya milimita 480 na 600. Fundi aliyeacha milimita 200 kwa sababu chuma kilikatwa kifupi amefanya kile kilichofanyika Kansas City: nguzo ipo, chuma kipo, na kiungo hakipo.

Ringi nazo zina kisa chao. Mchoro ukisema ringi kila milimita 150 karibu na boriti, na mwenye jengo akasema "weka kila futi, chuma kimepanda bei", ameondoa kinachozuia vyuma virefu visitoke nje kama fito za mwavuli nguzo inapokandamizwa. Hasara hiyo haitaonekana siku ya kupiga plasta. Wala haitaonekana mpangaji wa kwanza akihamia.

Badiliko hatari kuliko yote, na ambalo huombwa mara nyingi, ni orofa ya ziada. Jengo lilichorwa la orofa tatu, wapangaji wamekuja haraka, mwenyewe anaona vyuma vimechomoza juu ya paa na anasema fundi aliviacha makusudi. Huenda kweli aliviacha. Lakini msingi ulihesabiwa kwa orofa tatu, na kila nguzo ya chini inajua kubeba hizo tatu. Kuongeza mbili ni kumwambia yule mtu wa kisimani abebe wengine wawili miguuni, bila kumuuliza kama anaweza. Inaweza kufanyika, na hufanyika kihalali, pale mhandisi aliyesajiliwa anapopima udongo na nguzo upya, akahesabu, na michoro mipya ikapelekwa kwa kaunti kuidhinishwa upya. Idhini ya orofa tatu haipandi ngazi yenyewe.

Kwa mpangaji na jirani, kuna mambo ya kutazama bila kuwa mhandisi. Eneo la ujenzi linapaswa kuwa na ubao ulioandikwa mradi ni nini na wahusika ni nani. Nakala ya michoro iliyoidhinishwa inapaswa kuwa palepale, si nyumbani kwa mwenye ploti. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta tu. Ufa wa mshazari kwenye nguzo au boriti, unaopanuka wiki hadi wiki, au milango iliyoanza kukwama ghafla katika orofa moja, hiyo ni taarifa ya jengo kwa watu waliomo, na ipelekwe siku hiyohiyo kwa ofisi ya ujenzi ya kaunti au kwa chifu. Chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Mkaguzi akija ataona umeenda umbali gani.

Na kwa fundi anayeambiwa abadilishe kitu, liwe dogo namna gani, chuma cha 16 kiwe cha 12, nguzo isogee futi mbili ili gari lipite, kuna swali moja la kumuuliza aliyetoa amri: nani amehesabu? Jibu lake liwe jina la mhandisi aliyesajiliwa, na liandikwe kwenye mchoro pamoja na tarehe.

Hoteli ya Kansas City ilifunguliwa tena baada ya miezi michache. Zile njia tatu za hewani hazikurudishwa. Badala yake ilijengwa njia moja tu, ya orofa ya pili, na wakati huu haikuning'inizwa popote. Iliwekwa juu ya nguzo nene zilizosimama sakafuni, ambazo mtu yeyote anayepita anaweza kuziona na kuzigusa.